Matairi ya theluji kwenye STI hapa Mbeya: yabaki au yatoke?

"Shikamoo fundi. Nimenunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2009 kutoka Japani, ile ya milango mitano. Imekuja na rimu za inchi 18 na matairi 245/40R18 yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni, na kashata bado ziko vizuri. Naishi Uyole. Kila wiki napanda Makete kwa njia ya Isyonje na Kikondo kufuata viazi, na mara moja kwa mwezi nashuka Dar. Wapo wanaoniambia nimebahatika, kwamba haya ni matairi ya baridi na Mbeya ni baridi, tena eti yanashika tope. Mwingine anasema niyafunge mbele tu, nyuma niweke ya kawaida. Rafiki yangu anauza rimu za inchi 17, na kaka yangu anataka nipande hadi 19 gari lipendeze. Kipupwe ndiyo hiki kimeanza, asubuhi nakuta umande umeganda kwenye kioo. Nifanyeje, na saizi ipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa gari. Nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Matairi hayo yatoe, yote manne, kabla hujashuka tena Dar. Rimu za rafiki yako usizilipie mpaka tumezijaribu kwenye gari, lakini wazo lake ni bora kuliko la kaka yako. Na lile la mbili mbele na mbili nyuma lifute kabisa kichwani. Hilo mimi limeshanigharimu, nitakusimulia.

Wasiwasi wako naujua. Unaamka Uyole saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, unakwangua kioo kwa kadi ya benki huku vidole vimekufa ganzi, halafu ukiinama unaona ubavuni mwa tairi picha ya mlima wenye alama ya theluji. Lazima utajiambia kwamba vitu hivi viliumbwa vikutane. Tatizo liko kwenye neno baridi. Baridi ya Mbeya na baridi ya Hokkaido, kule Japani kaskazini, zina jina moja, lakini hazijawahi hata kusalimiana.

Tuanze na namna tairi linavyoshika barabara. Wengi hudhani kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zinang'ata lami kama kucha. Kwenye tope ndivyo. Kwenye lami, kazi kubwa inafanywa na mpira wenyewe. Piga goti uitazame lami kwa karibu: ni vijiwe vidogo vyenye ncha, vimebanana. Uzito wa gari unausukuma mpira uingie kati ya vijiwe hivyo, na mpira unachelewa kidogo kurudi ulivyokuwa. Kule kuchelewa ndiko kunakolizuia gari lisiteleze. Mpira ukiwa mgumu hauingii, unapita juu kwa juu. Ukiwa laini kupita kiasi unaingia vizuri, lakini kashata nzima inalala ukikata kona au ukikanyaga breki, gari linayumba, na mpira unalika haraka.

Sasa joto. Nunua chupa ya mafuta ya nazi Dar, kule yanamiminika kama maji. Ifikishe Uyole, asubuhi utayakuta yamesimama kama mshumaa mpaka uyaanike juani. Mpira haugandi kwa namna hiyo, lakini nao kila mchanganyiko una joto lake la kufanyia kazi. Tairi la kawaida la gari la kasi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi. Kwa hiyo kwenye nchi za theluji wanapika mpira mwingine, unaobaki laini hata chini ya sifuri, kisha wanaichanja kila kashata chale nyingi nyembamba. Zile chale unazoziona kwenye matairi yako hazikuwekwa kwa urembo. Kila moja ina ukingo wa kukwaruza barafu, na zinafyonza lile tabaka jembamba la maji linalokaa juu ya barafu, ambalo ndilo hasa linalotelezesha.

Hata hilo neno STUDLESS halina habari ya tope. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari wakati wa theluji. Misumari ilichimba lami, na miji kama Sendai ikawa inameza vumbi la barabara majira yote ya baridi, mpaka mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Hapo ndipo matairi laini yasiyo na misumari yalipotawala, na maana ya neno ndiyo hiyo tu: hayana misumari. Ukiona na herufi M+S, hizo ndizo zinazotaja tope na theluji, ila M+S anajiandikia mtengenezaji mwenyewe. Ile picha ya mlima na theluji ndiyo inayopatikana kwa kupimwa, tena kwa kupimwa kwenye theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu M+S pekee haikusaidii mbele ya sheria, wanataka picha. Tope la Kikondo halimo kwenye kipimo chochote kati ya hivyo.

Na hapa ndipo watu wanaokusifia bahati wanapopotea. Kipupwe chetu ni kikavu. Mvua zetu zinaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei (Tukuyu wao wana mkataba wao na mawingu, siwahesabu). Juni hadi Agosti alfajiri ni baridi kweli, lakini mvua hakuna, saa nne jua limeshika, mchana hewa inafika nyuzi 20 na zaidi, na lami nyeusi iliyolala juani inakuwa na joto kuliko hewa. Baridi inapokuwepo, maji hayapo. Maji yanapokuja, Januari na Februari, baridi yenyewe imeshaondoka. Saa ambazo barabara yako iko chini ya nyuzi 7 ni za usiku na alfajiri, kwa miezi mitatu. Zilizobaki zote, mwaka mzima, unatembelea mpira uliopikwa kwa ajili ya mahali pengine.

Hata huo umande ulioganda kwenye kioo usiutumie kuihukumu barabara. Usiku usio na mawingu kioo cha gari kinatoa joto lake kwenda angani kwa kasi, kinapoa kuliko hewa inayokizunguka. Unaweza kukuta sakitu kwenye kioo na hewa yenyewe ni nyuzi 3 au 4. Lami ni nene, imekunywa jua mchana kutwa na inaachia joto polepole. Pa kuogopa ni kwenye madaraja, maana yanapoa juu na chini, na kwenye kona zenye kivuli cha miti ambazo jua linazifikia mwisho.

Sasa safari yako ya Dar na matairi hayo. Unatoka Uyole umevaa koti. Chimala unalivua. Tambarare ya Usangu hadi Igawa unafungua vioo. Unapanda tena Makambako na Mafinga, kisha unaushuka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, ambako lami mchana inachoma hata kupitia soli ya ndala. Mpira uliopikwa kwa ajili ya sifuri unafika pale ukiwa kama ubani uliotafunwa. Usukani unakuwa mzito kujibu, breki zinachukua nafasi ndefu zaidi, na kashata zinamomonyoka pembeni.

Mteja mmoja aliniletea Forester yenye matairi ya aina hiyo, ametoka Dar jana yake, analalamika gari "linaogelea" kwenye kona. Nililipandisha jeki, nikapitisha kiganja juu ya tairi la mbele kulia. Upande mmoja kashata zilikuwa laini, upande wa pili zina makali yanayokwaruza ngozi kama msasa. Zile chale za pembeni zilikuwa zimechanika zikaungana, na ndani yake kulikuwa na makombo ya mpira, madogo kama masalia ya kifutio cha daftari. Aliyafunga miezi mitatu nyuma yakiwa, kwa maneno yake, mapya kabisa.

Linalowashangaza wengi ni hili la mvua. Tairi la barafu la Kijapani linataka mpira mwingi ugusane na barafu, kwa hiyo mifereji ya kutoa maji huwa haba. Likikutana na barabara iliyojaa maji linashindwa kuyatoa upesi, gari linaelea. Kwa hiyo tairi unaloambiwa ni la hali mbaya ya hewa, kwenye hali mbaya ya hewa ya kwetu, yaani mvua ya Februari ukishuka Mlima Nyoka nyuma ya lori, ndilo dhaifu kuliko yote.

Kabla hujasema "lakini bado yana kashata", nenda yalipo ukatazame vitu vitatu. Kwanza, tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT. Zikiwa 3415, tairi limetengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2015. Pili, bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye kashata. Likiwa bado la majira ya baridi, ukucha unazama na kuacha alama. Likiwa limezeeka, ukucha unagota, na hapo una kitu kisicho na upande: si la barafu tena na halikuwahi kuwa la joto. Tatu, matairi hayo yana alama mbili za kuisha. Ndani ya mifereji kuna vituta vya mpira vinavyoonyesha kwamba nusu ya kina imekwisha, na kwa Wajapani tairi likifika hapo halihesabiwi tena kuwa la theluji. Alama ya pili ni ile ya kawaida ya milimita 1.6, ambapo tairi limekwisha kwa matumizi yoyote. Na mwisho wa maandishi ya saizi, nakisia utakuta herufi Q. Maana yake tairi limethibitishwa kwa kilomita 160 kwa saa. Gari lako kiwandani lilivalishwa W, yaani 270. Sikutumi ukaifikie 270, wala sitaki kusikia umejaribu. Ila herufi hiyo inakueleza pia tairi linavumilia joto kiasi gani, na kushuka Kitonga na mzigo wa viazi ni joto tupu.

Je, hakuna siku ambayo matairi hayo yangekufaa? Ipo, nisiseme uongo. Alfajiri ya Julai kwenye uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, nyasi zimekuwa nyeupe na daraja limevaa sakitu, hapo kwa nusu saa ungenipita na matairi yako mimi nikiwa na ya kawaida. Lakini nusu saa hiyo unailipia kwa saa nyingine zote. Mimi ningeondoka Uyole saa mbili badala ya saa kumi na moja, nikaendesha kilomita za mwanzo taratibu mpaka matairi yapate joto, na darajani nisikanyage breki wala kukata usukani ghafla. Ungekuwa unaishi Makete au Matamba na kila siku unatoka kabla jua halijachomoza, ningekushauri matairi ya misimu yote yenye ile picha ya mlima. Hayo ni ya kati: hayashiki barafu kama uliyo nayo, hayashiki lami ya joto kama ya kiangazi, lakini hayakutupi popote. Kwa wewe wa Uyole, mara moja kwa wiki, ningechukua ya kiangazi ya kawaida yanayosifika kwenye maji. Usichukue yale ya mashindano yenye mifereji miwili mitatu tu. Asubuhi ya nyuzi 6 yanakuwa kama mbao, na mvua ikija ndiyo balaa.

Na tope la Kikondo? Mdogo wangu, mvua zikikolea hakuna tairi la saizi hii litakalokupitisha pale kwa heshima. Viazi vinunulie Fuso nafasi, STI ibaki nyumbani ikiwa safi.

Dukani usinunue kwa jina wala kwa sura. Ubavuni, kwenye matairi mengi, kuna neno TRACTION na herufi baada yake: AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha kufunga breki kwenye njia iliyonyooka yenye maji. Wewe chukua AA au A. Yakiwa na karatasi ya Umoja wa Ulaya, tafuta mchoro wa wingu la mvua, ushikaji uwe A au B. Kisha hesabu mifereji mirefu inayozunguka tairi. Mitatu mipana au minne ndiyo ninayoipenda. Na soma tarehe, hata kama muuzaji anakasirika. Tairi "jipya" lililokaa miaka mitano dirishani likipigwa na jua la kwetu huku juu limezeeka bila kutembea.

Kina cha mifereji na upepo si mambo ya kupuuza kwenye maji. Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakichunguza magurudumu ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni rahisi kwa tairi ambalo haliwezi tena kutoa maji: kasi ya kuanza kuelea inategemea upepo uliomo. Kwa upepo wa psi 33 ni kama kilomita 96 kwa saa. Kwa 25 inashuka hadi 83. Kwa hiyo tairi kipara lenye upepo pungufu linaelea kwenye kasi ambayo madereva wengi wanaiita "mwendo wa taratibu".

Saizi sasa. Hapa tutapiga hesabu kidogo, usikimbie. Katika 245/40R18, 245 ni upana kwa milimita. 40 ni asilimia: ubavu una urefu wa asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 98. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Rimu ni milimita 457, ongeza ubavu wa juu na wa chini, tairi zima lina kimo cha milimita 653. Kimo hicho ndicho kinachopaswa kubaki karibu palepale unapobadilisha rimu, maana giaboksi, mita ya kasi na breki za ABS vyote vimezoea mzunguko huo.

Kaka yako anataka 19. Saizi yake ingekuwa 245/35R19, kimo milimita 654, safi kabisa kwenye hesabu. Lakini ubavu unabaki milimita 86. Huo ndio mto pekee ulionao kati ya rimu na shimo la barabarani. Mimi nimezinyoosha rimu nyingi zilizopinda kwa sababu ya urembo huo, na mashimo hayatangazi yalipo, hasa usiku yakiwa yamejaa maji.

Kwenye nchi za theluji, mwenye gari kama lako majira ya baridi hushuka inchi moja: rimu ndogo, tairi jembamba kidogo lenye ubavu mnene, ili likandamize theluji badala ya kupanda juu yake. Sisi theluji hatuna, lakini kushuka huko kunatufaa kwa sababu ya mashimo, matuta na rasta. Kwa inchi 17, saizi ninayokupendekezea ni 225/50R17. Kimo chake milimita 657, umezidi kiasi cha nusu ya asilimia tu, na ubavu ni milimita 112. Umepata milimita 14 za mto bila kuidanganya mita ya kasi. Ya pili ni 235/45R17, kimo 643: iko imara zaidi kwenye kona, gari linashuka milimita 5, na mita ikisema 100 uko kwenye 98 na nusu. Zote mbili zinaruhusiwa kwangu. 225/45R17 wataipigia debe kwa sababu STI za zamani zilitumia, lakini kwa gari lako ni fupi karibu asilimia 3. Achana nayo. Namba ya mzigo isishuke chini ya 93, ambayo ni kilo 650 kwa tairi moja, na herufi ya kasi iwe V au W.

Kabla ya kumlipa rafiki yako, kuna mambo yanayoziua rimu za 17 kwenye STI. Gari lako lina boliti tano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu za STI za mwaka 2004 kurudi nyuma ni 100, haziingii, na anayekwambia "tutazilazimisha" mkimbie. Tundu la katikati linapaswa kukaa kwenye kitovu cha milimita 56.1, likiwa kubwa zaidi unahitaji pete ya kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka. Na zile kalipa kubwa za breki, za Brembo, huwa hazikubali kila rimu ya 17. Inaweza kuwa inchi 17 sawa, lakini mikono yake kwa ndani ikasugua kalipa. Hilo halijulikani kwa kupima na tepu. Unaivalisha rimu tupu bila tairi, unakaza nati, unaizungusha kwa mkono ukichungulia kwa tochi kama kuna nafasi pande zote. Dakika kumi tu.

Sasa ile hadithi yangu. Miaka ya nyuma mteja wa Legacy alikuwa na fedha ya matairi mawili. Nami nikamhurumia, nikamfungia mawili mapya mbele, nyuma yakabaki ya zamani yenye milimita 3 za kashata. Nilijua somo, nikalipuuza. Baada ya miezi michache alirudi: akikata kona kali kwenye maegesho gari linajikaza na kuruka kama limefungwa kamba, na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ilikuwa inanuka mafuta yaliyoungua. Gari linaloendesha magurudumu yote manne linategemea kwamba yote yanazunguka sawa. Tairi jipya lina kimo zaidi, linazunguka mara chache. La zamani linazunguka mara nyingi zaidi. Na tofauti hiyo difu ya kati inaibeba kila mita, kutoka Mbeya hadi Dar. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi. Ukiibadili kuwa kina cha kashata, ni milimita 1 tu. Nililipia nusu ya ile difu kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo gari la namna hii nalifungia manne au silifungii.

Na kwako wewe kungekuwa na la zaidi. Mpira laini mbele na mgumu nyuma, au kinyume chake, kwenye kona yenye maji ncha moja ya gari inashika na nyingine inaachia. Nyuma ikiachia ukiwa kwenye kona za Chimala kupanda Matamba, zile wanazozihesabu 57, hutapata muda wa kuhesabu ya pili.

Kuhusu upepo, fuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, upime tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kutembea. Wateja huniuliza kama ukipanda kutoka Dar inabidi kupunguza kwa sababu ya mwinuko. Swali ni la akili. Huku mita 1,700 hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inasoma karibu psi 3 zaidi ya ilivyosoma pwani kwa tairi lilelile. Lakini ukitoka mchana wa nyuzi 30 na kuamkia nyuzi 8, ubaridi unapunguza psi 3 na nusu hivi. Mwinuko unavuta juu, baridi inavuta chini, mwisho wa siku hutofautiani sana na ulivyojaza. Ukiona asubuhi moja tairi limeshuka psi 6 na mengine yako palepale, hiyo si baridi, ni pancha.

Mengine siwezi kuyaona kutoka hapa, na hayo usiyategemee maandishi. Ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi, hata mdogo kama punje ya karanga, usiendeshe tena. Nyuzi za ndani zimekatika. Gari likijikaza kwenye kona za maegesho, likivuta upande mmoja ukifunga breki, au likitetemeka kuanzia kilomita 80, nenda kwa fundi mwenye mashine ya alaimenti na balansi, akupe karatasi ya vipimo kabla na baada. Na ukishafunga matairi mapya, nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kijana kukanyaga spana kwa miguu miwili ndiko kunakopinda diski.

Yale ya STUDLESS usimuuzie mtu wa Noah ya abiria. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe kule Igurusi atayachukua, yeye Q inamtosha. Wewe muombe rafiki yako akuazime rimu moja tu, ije na gari asubuhi kabla hujazunguka mjini, tuivalishe na kuchungulia ile kalipa.